Siku Pedeli Ilipopanda

Wiki hii mwanangu alikuwa anatafuta kitu kizito cha kuegemezea baiskeli yake, akaburuta kutoka nyuma ya stoo chuma cha duara kilichojaa vumbi na grisi iliyoganda. "Mama, hili sufuria ni la nini?" Nikamwambia si sufuria, ni dramu ya breki, imetoka kwenye pikapu ya babu. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole ndani pale palipolainishwa na shuu, vile vibao vinavyotanuka na kuibana dramu kwa ndani, kisha akauliza: "Sasa mbona mliitoa na haijavunjika?"

Haikuwa imevunjika. Ndiyo maana mimi na Mzee, huyo babu yake, tulivutana sana kabla spana haijagusa nati hata moja.

Pikapu yenyewe ni Chevrolet C10 ya 1972. Mbele ilitoka kiwandani na diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi pande zote mbili, maana C10 zilianza kupewa diski za mbele moja kwa moja kwa matoleo ya 1971. Nyuma ikabaki na dramu, na mimi nilitaka nyuma nako kuwe na diski. Hoja yangu ilikuwa maji na mteremko. Dramu ikiingia maji, unakanyaga na gari linaendelea kuteleza mpaka shuu zijikaushe kwa msuguano. Kwenye mteremko mrefu ukiwa umepakia, dramu inapata moto, inatanuka na kuzikimbia shuu, na pedeli inazidi kushuka huku mwendo haupungui unavyotaka. Diski iko wazi kwenye hewa: joto linatoka, maji yanarushwa nje. Mambo yote mawili yalishanikuta nikiwa kwenye usukani wa gari lile, na lile la mteremko linanijia mpaka leo nikisikia harufu ya breki iliyoungua.

Mzee hakupandisha sauti. "Kiwanda kiliweka diski mbele, kikaacha dramu nyuma. Unadhani walikosa chuma?"

Alikuwa na hoja, na naziheshimu zaidi sasa kuliko wakati ule. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele. Pikapu tupu inabaki nyepesi nyuma kiasi kwamba magurudumu yale yanafanya kazi ndogo tu ya kusimamisha. Halafu dramu za gari lile zinajisaidia zenyewe. Shuu ya kwanza ikishika, mzunguko wa dramu unaiburuta na kuisukumiza kwenye ya pili, na nguvu inaongezeka bila mguu wako kuongeza chochote, iwe unakwenda mbele au unarudi nyuma. Ndiyo sababu hendibreki ya dramu inashika vizuri hata mlimani. Diski haina msaada huo, inategemea shinikizo tu. Na ukitaka ushahidi kwamba Mzee hakuwa anang'ang'ania ukale, angalia Chevrolet wenyewe: Silverado ya 1999 ilitoka na diski kwa magurudumu yote manne, halafu miaka michache baadaye baadhi ya Silverado 1500 zikarudishiwa dramu nyuma.

Mwishowe alikubali kwa masharti mawili. La kwanza: "Hatukati, hatuchomelei." Kila kitu kifungwe kwa bolti palepale palipokuwa na sahani ya dramu, ili siku akitaka dramu zake zirudi, zirudi. La pili: hendibreki ibaki, na iwe ya kweli.

Sharti la pili ndilo lililochagua vifaa. Tulichukua kalipa, yaani koleo zinazobana pedi kwenye diski, za aina ile iliyokuwa nyuma ya Cadillac Eldorado za miaka ya sabini, zenye mkono wa hendibreki mgongoni mwa kalipa yenyewe. Waya unavuta mkono, mkono unasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Kwenye karatasi ilionekana kazi nyepesi.

Kazi ya kufungua nitaipita haraka. Gari likapanda stendi chini ya ekseli, magurudumu ya mbele yakawekewa vizuizi. Ndani ya dramu tulilowesha kila kitu kwa maji kabla ya kugusa, kwa sababu shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likipulizwa kwa upepo wa kompresa linaishia kwenye mapafu yako. Hili Mzee hakuhitaji kuambiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa na umri wa huyu mwanangu. Kisha kifuniko cha difu, kile kikasha cha gia katikati ya ekseli ya nyuma, oili nyeusi ikashuka kwenye karai. Ekseli za difu ile zinashikiliwa kwa ndani na vibanio vyenye umbo la herufi C: unafungua bolti ya kufungia, unachomoa pini, unasukuma ekseli kuelekea ndani kidogo, kibanio kinaanguka mkononi, ekseli inatoka. Pini ikiwa nje usiizungushe ekseli, maana gia ndogo za ndani zitahama mahali pake na kuzirudisha ni kazi nyingine kabisa. Tukafunga mabano ya kalipa, tukarudisha ekseli na sili mpya, diski zikakaa, kalipa zikakaa.

Juu, upande wa injini, kulikuwa na mambo mawili yasiyoonekana kwa macho. Masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedeli ya breki, ya gari lenye dramu nyuma mara nyingi huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu ya nyuma, kama psi 10 hivi (paundi kumi kwa inchi ya mraba), ili mipira ya wili silinda, pampu ndogo zilizo ndani ya dramu, isilegee. Kwenye diski shinikizo hilo linafanya pedi zikwaruze muda wote, kwa hiyo ikatoka. Badala yake tukaweka vali ya kupunguzia breki za nyuma, yenye kitasa unachoweza kukizungusha kwa mkono. Mafuta ya breki yakawa ya daraja la DOT 4, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: DOT 4 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishalowa kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu, na mteremko mrefu hauoni shida kuzifikia hizo.

Kufika hapo jua lilikuwa limeshashuka.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki kunataka watu wawili wanaosikilizana. Mzee alikaa kwenye kiti, mlango wazi, mguu kwenye pedeli. Mimi nililala chini nyuma kulia, gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani umechomekwa kwenye niple, kijiskrubu cha kutolea upepo juu ya kalipa, ncha yake imezama kwenye chupa yenye mafuta.

"Pampu."

"Napampu."

"Shika."

"Nimeshika."

Nafungua niple robo mzunguko. Mafuta yanakimbia yakiwa na mapovu meupe, na kutoka juu nasikia, "Imefika chini." Nafunga. "Achia." Tena. Mapovu yalitoka kama mvuke mwanzoni, yakawa makubwa makubwa, yakawa moja moja, yakaisha. Nyuma kushoto. Mbele kulia. Mbele kushoto. Kila mara nilikwenda kuangalia chupa ya masta isikauke, maana ikikauka unaanza upya.

Tulipomaliza, Mzee akakanyaga mara moja, taratibu, na pedeli ikashuka karibu kugusa sakafu.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo tangu nikiwa mtoto. "Hii haina kitu."

Tukatoa upepo tena gari zima. Mafuta yalikuwa yanatoka safi, hakuna povu hata moja. Nikapitisha kitambaa kikavu kwenye kila maungio: hakuna tone. Niple zote zilikuwa juu ya kalipa kama inavyotakiwa. Akikanyaga mara mbili tatu haraka haraka, pedeli inapanda, akipumzika, inashuka. Nilijua wengi wangesema hapo hapo kwamba masta silinda imekufa, nunua nyingine. Nikalala tena chini na tochi. Ndipo nilipoona mwanga ukipenya kati ya pedi ya ndani na diski. Ulikuwa upenyo mpana, ungeweza kupitisha sarafu. Mafuta yote ya mkanyago mmoja yalikuwa yanatumika kuvuka upenyo ule tu.

Nilikuwa bado nautazama wakati Mzee alipochoka kungoja. "Basi ngoja nione hiyo hendibreki yako."

Kwenye gari lile hendibreki ni pedeli ndogo kushoto kabisa, na mpini wa kuachilia uko chini ya dashibodi. Akaikanyaga, meno yakalia krr, krr, krr. Akavuta mpini, ikaruka. Alikuwa anataka kujua kama waya unarudi vizuri, kwa sababu waya ukigoma kurudi, breki inashinda imeshika. Akakanyaga tena. Akaachilia tena. Mimi chini naona mkono mdogo mgongoni mwa kalipa unasogea, unarudi, unasogea, unarudi.

Na upenyo unapungua.

Nilidhani ni tochi. Nikasogeza uso karibu mpaka nikasikia harufu ya chuma kipya cha diski. Mkono uliporudi mahali pake, pistoni haikurudi nao. Ilibaki pale ilipofika. Krr, krr, na mwanga ukawa unene wa ukucha. Krr, krr, ukawa uzi.

"Mzee, usiache!"

"Nisiache nini?"

"Hendibreki. Endelea. Kanyaga, achia, kanyaga, achia."

Hakuuliza tena. Aliendelea kwa mwendo uleule, bila haraka, na mimi nikatambaa kwa kiwiko kwenda upande wa pili kuangalia kalipa nyingine. Ilikuwa inafanya vilevile. Mwanga ukafa kabisa kati ya pedi na diski, huku na huku. Kisha nikasikia kimya juu, nikasikia mguu wake ukihama kwenda kwenye pedeli kubwa, na chini ya mgongo wangu hakuna kilichosikika, kwa sababu pedeli haikwenda popote.

"Mama," akasema. "Imepanda."

Nilimwomba akanyage tena, na tena, na sikuwa na sababu ya kiufundi ya kumwomba. Nilitaka tu kuendelea kuisikia.

Ndani ya kalipa zile pistoni inasukumwa na skrubu. Hendibreki ikivutwa, mkono unazungusha skrubu na pistoni inatoka. Ikiachiliwa, mkono unarudi lakini pistoni inaachwa mbele, pale pedi ilipofika. Kwa hiyo hendibreki ndiyo inayofuata kuisha kwa pedi. Asiyeitumia, pedi zikilika upenyo unaongezeka na pedeli inashuka mwezi baada ya mwezi. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na vifaa haikuwa na neno hata moja juu ya hili. Kama una kalipa za aina hii, naomba usiupite mstari huu: vuta hendibreki kila unapoegesha, hata penye tambarare.

Kuzoesha pedi tulifanya kesho yake, kupunguza mwendo mara nyingi bila kusimama kabisa, na kuziacha zipoe katikati. Kisha tukatafuta uwanja mpana usio na mtu kupanga ile vali. Mzee aliendesha, mimi nilisimama pembeni kutazama magurudumu. Kanuni ni moja: ya mbele lazima yagande, yaani yaache kuzunguka, kwanza. Ya nyuma yakitangulia, mkia wa gari unataka kupita mbele yako. Na kweli mwanzoni mkia ulivuta pembeni, vumbi likaruka, akanyoosha usukani kwa utulivu ambao sijawahi kuupata. Tukapunguza kitasa, tukajaribu, tukapunguza, mpaka gari likasimama limenyooka. Nikaweka nukta ya rangi nyeupe kwenye kitasa.

Nukta ile ndiyo ugomvi wetu uliobaki. Tuliipanga gari likiwa tupu. Likipakiwa, nyuma kunakuwa na uzito wa kushika barabara, na breki za nyuma zingeweza kufanya kazi kubwa zaidi ya ninayoziruhusu. Mzee alisema pikapu ni ya kubeba, ipangwe ikiwa na mzigo. Mimi nilisema itakayokuua ni ile tupu, kwenye barabara yenye maji, mkia ukikukimbia. Zaidi ya mara moja nilifungua boneti nikakuta kitasa kimepita nukta, nikakirudisha, naye akakisogeza tena, na hakuna aliyemtajia mwenzake.

Siku hizi haendeshi, pikapu iko kwangu, na kitasa kiko kwenye nukta. Nikiwa tupu, na hasa mvua ikinyesha, sina shaka nayo. Ila juzi nilishuka mteremko nimepakia mchanga, mbele ikafanya kazi yote na pua ya gari ikainama sana, na nilipofika chini nilisimama pembeni, nikafungua boneti, nikakitazama kitasa kile kwa muda. Sijakigusa bado. Jumamosi nitakwenda kumuuliza alikuwa anakisogeza kwa kiasi gani.