Leo Sikusindikizi?

Kazi yangu ya ustawi wa jamii niliifanya zaidi kwa miguu. Unapiga hodi, unatandikiwa mkeka, unauliza hali, na wote wanakujibu ni wazima. Neno lenyewe hulipata ukishaaga, mtoto akikusindikiza.

Binti huyu wa Kisauni, Mombasa, alikuwa na miaka 12. Akinisindikiza, hanyamazi kwa muda mrefu: tukifika kisimani tu, maneno yanaanza.

Machi 2020 shule zikafungwa, madrasa nazo. Wengi walililia masomo. Mimi niliyalilia pia macho ya watu wazima, maana mwalimu wake ndiye aliyetuletea habari zake, alipoona kengele ya kwenda nyumbani ikilia mtoto haondoki. Sasa mwalimu hamwoni, maalim hamwoni. Baba wa kambo, hoteli ilipofunga, akawa anashinda ndani, watu sita chumba kimoja. Nasi ofisi ikatuagiza: ziara basi, pigeni simu.

Simu yenyewe ilikuwa ya baba huyo. Nilipiga Mei, mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni. Sauti yangu ikanirudia kwa mwangwi. Nikajua wameweka spika.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Mko salama?"

"Tuko salama."

Nikaandika hivyo daftarini. Nilipoaga, akasema upesi, "Anti, leo sikusindikizi?"

Nikacheka, nikamwambia korona ikiisha. Kicheko kile nakijutia hadi leo.

Magharibi, adhana ikiadhiniwa na tende iko mkononi, ndipo neno lake liliponiingia. Nikapiga: simu imezimwa. Kafyu ilikuwa saa moja, kwenda siwezi. Nikampigia mzee wa mtaa, jirani yao, akaahidi kukaa barazani kwao usiku ule. Alikaa, Mungu amlipe.

Kafyu iliisha saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili nilikuwa kwao, barakoa usoni, mita moja na nusu kutoka kizingitini. Sikuuliza hali. Nilimwambia mamake, "Nimepita tu. Nipe binti anisindikize."

Alitoka na kandambili mbili zisizofanana, moja ya mtu mzima. Tukatembea, mimi upande huu wa njia, yeye ule. Kisimani akaanza. Tukafika dukani tunapoagana siku zote, tukapita. Tukafika barabara kuu, matatu zinapiga honi, naye bado anazungumza, na mkono wake nilikuwa nimeshaushika.