"Nimeelewa, nesi": siku moja kwenye kliniki ya presha na sukari

Saa 11:30 alfajiri. Chai, maandazi ya jana, bodaboda. Kabla hatujafika barabara kuu dereva keshaniuliza kuhusu kikohozi cha mwanawe. Ukiwa nesi mkoani Tanga, kliniki inaanzia mlangoni kwako.

Saa 1:30. Makabidhiano na zamu ya usiku. Usiku ulikuwa mtulivu.

Saa 2. Elimu ya afya kwa walio kwenye mabenchi. Leo ni dawa mseto ya malaria. Nauliza nani ana vidonge vilivyobaki nyumbani. Kimya, kisha kicheko, kisha mikono. Mmoja anakiri alimwekea shangazi yake. Basi tunahesabu pamoja dozi ya mtu mzima: vidonge 4 sasa hivi, 4 ukipita muda wa saa nane tangu zile za kwanza, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zinazofuata. Jumla 24, na cha shangazi hakibaki. Nyweni baada ya kula, ikiwezekana na maziwa au chakula chenye mafuta, dawa ipate kuingia vizuri mwilini.

Saa 3. Kliniki yenyewe. Bibi mmoja, presha 178 kwa 102, na dawa zake amekuja nazo karibu zote.

"Shikamoo bibi. Dawa unakunywaje?"

"Marahaba mwanangu. Nakunywa kichwa kikiuma."

Kumkaripia kungekuwa rahisi, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini hoja yake ina mantiki: dawa zote alizowahi kupewa maishani zilikuwa za kuondoa maumivu. Namweleza kwamba presha hupanda bila kuuma popote, huku ikiharibu moyo, figo na mishipa ya kichwani. Kisha tunatafuta pa kuiweka dawa katika siku yake. Haangalii saa, ila sala ya alfajiri haimpiti. Dawa itakaa karibu na mswala.

"Nimeelewa, nesi."

Jibu hilo siku hizi siliandiki popote. Namuuliza: "Bibi, jioni mjukuu akikuuliza nesi kasema nini, utamjibuje?" Anaeleza vizuri, kisha anamalizia: "...na presha ikishuka, naacha." Tunarudi nyuma hatua moja. Ile presha iliyoshuka imeshushwa na dawa. Asiache bila kuja kwetu. Anaeleza tena, na sasa iko sawa.

Anafuata kijana anayejichoma insulini. Sukari imepanda na haelewi kwa nini, kwani dozi haruki. Nauliza dawa inalala wapi. Kwenye friji la duka la jirani, kule juu kwenye barafu! Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usiitumie. Namchorea namna ya kuipoza dawa bila friji: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, juu kitambaa chenye unyevu. Chupa iwekwe kwenye mfuko usioingiza maji. Anaondoka na chupa mpya na mchoro.

Mabango ukutani kwetu yapo, mazuri tu. Sijawahi kuona bango likimuuliza mtu dawa yake inalala wapi.

Saa 7. Wali, maharage, dakika chache za kukaa.

Saa 8. Nasaidia dirisha la dawa. Kwenye bahasha imeandikwa "1x3". Mzee mmoja anaisoma kidonge kimoja kwa siku tatu, na kwa jinsi ilivyoandikwa simlaumu. Nachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kisha kidonge kimoja chini ya kila mchoro.

Mama mwenye mtoto anayeharisha anamega unga wa ORS, ule wa kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo kwenye kikombe, apate kubana matumizi. Pakiti tunazotoa sisi ni za lita 1: yote, maji safi na salama, chupa mbili za nusu lita. Yakipita saa 24 yamwagwe. Na zinki amalize siku 10 hata kama kuharisha kumekoma.

Saa 9:30. Rejista ya elimu ya afya ina safu ya mada na ya idadi ya waliohudhuria. Ya waliorudia maelezo kwa usahihi haipo. Nimeichora mwenyewe kwa rula pembeni, na mganga mfawidhi bado hajaniuliza ni ya nini. Kesho niko kliniki ya wajawazito. Mada nimeshaichagua: kwa nini vidonge vya kuongeza damu visishushiwe na chai.