Bahasha ya Northampton

Hati ya madai kutoka mahakama ya Northampton, Uingereza, ilikuwa ya tarehe 5 Oktoba 2021: pauni 3,240 za kadi ya mkopo niliyoichukua 2004, sasa zikidaiwa na kampuni iliyonunua deni kutoka benki. Kabla hata ya kusoma madai yenyewe nilishusha kalenda ya jikoni. Mahakama za kaunti za Uingereza huhesabu hati imekufika siku 5 baada ya kutolewa, yaani tarehe 10. Ndani ya siku 14 uwe umejibu, la sivyo mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, nayo hukaa kwenye daftari la hukumu miaka 6. Ukikiri kupokea hati, siku zinakuwa 28: hadi 7 Novemba.

Nilikiri mtandaoni usiku uleule. Hapo wengi huteleza. Unatia alama kwamba unakana dai lote, huna haja ya kugusa kisanduku cha kupinga mamlaka ya mahakama. Nafasi ya utetezi unaiacha tupu. Ukiandika humo mstari mmoja ukatuma, huo ndio utetezi wako.

Deni nililiona limeshapitwa na wakati: nililipa mara ya mwisho Machi 2015, na sheria ya ukomo ya 1980 inampa mdai miaka 6 ya kufungua madai. Kisha nikafukua boksi la makaratasi, nikakuta notisi ya benki ya Desemba 2015 iliyonitaka nilipe malimbikizo, muda wake ukiisha Januari 2016. Miguu ikaniishia nguvu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilishaamua kwamba kwa deni la namna hii hesabu huanza muda wa notisi unapoisha. Nilipungukiwa miezi mitatu.

Zikabaki nyaraka. Kwa kampuni niliandika kwa kifungu cha 78 cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974, nikaambatisha hawala ya posta ya pauni 1. Wana siku 12 za kazi kuleta nakala ya mkataba. Wasipoleta, hawawezi kuutekeleza mahakamani mpaka wailete. Kwa mawakili wao niliomba kila karatasi iliyotajwa kwenye madai: mkataba, notisi, barua ya kuhamisha deni.

Shemeji akanisihi nitume walau pauni 20 “kuwatuliza”. Shemeji, hiyo ni kulikubali deni!

Walichotuma ni kijitabu cha masharti ya jumla. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: 2009. Kadi ni ya 2004! Na kwa mikataba ya kabla ya 6 Aprili 2007, mahakama haina uwezo wa kuutekeleza mkataba ikiwa hakuna karatasi iliyosainiwa yenye masharti ya lazima, kama kiwango cha riba. Utetezi wangu ulikuwa aya 9, na aya nzima ilihusu ile 2009. Niliutuma tarehe 3 Novemba.

Mdai alipewa siku 28 kusema kama anaendelea. Katikati ya Desemba ikaja notisi ya kuondoa madai, ukurasa mmoja. Hawala yangu ya pauni 1 haikurudi.