Nilivyojifunza kwenda ukweni Utete misimu yote bila kufika kama chungu kibichi

Nimeoa Utete. Kwa asiyepajua, ndiko makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, kamji kadogo kalikokaa juu kidogo, upande wa kusini wa Mto Rufiji. Ukitoka Dar es Salaam unavuka Daraja la Mkapa, lile refu lililofunguliwa mwaka 2003, halafu ukifika Nyamwage unaiacha barabara ya Lindi na kukata kulia. Kutoka hapo ni kilomita 33 na ushee. Hizo 33, miaka ya safari zangu hizi zikiwa bado za udongo, ndizo habari yenyewe. Za nyuma yake ni lami, sina la kusema: unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unasinzia, unaamka Kibiti, unanunua korosho, unasinzia tena.

Nilipotangaza uchumba, kila mtu aligeuka mshauri. Waliowahi kufika na wasiowahi, wote wimbo mmoja: "Rufiji nenda kiangazi. Masika usithubutu." Mimi nimekwenda masika, kipupwe, kiangazi na vuli, na mingine nimeirudia mara tatu nne, na nasema bila kupepesa macho kwamba ule ulikuwa ushauri wa wavivu. Anayekwenda Utete kiangazi tu ni kama aliyealikwa harusi akafika vyombo vinaoshwa.

Ila masika ilinikomesha kwanza. Nisijifanye.

Ilikuwa Aprili 2018. Mke wangu alikuwa ametangulia wiki mbili, mama yake akisumbuliwa na miguu, nami nikawa nafuata. Mjomba wangu, mtu mzima na heshima zake, akaniita pembeni. "Unakwenda ukweni mara ya kwanza tangu ndoa. Ushuke garini umeshavaa kanzu. Ukienda kubadilishia huko watakuona mhuni." Nikatii. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, barakashia, na mkononi kiroba chenye doti mbili za khanga na kilo tano za sukari. Rangi Tatu nikamuuliza konda hali ya njia ya Utete. Akanijibu hata kabla sijamaliza: "Safi kaka, jana tu gari limeingia."

Nyamwage nikagundua kuwa konda hakusema uongo. Gari lilikuwa limeingia kweli. Liliingia kwenye tope, na bado lilikuwa humo humo.

Ikabidi bodaboda. Kijana aliitazama kanzu yangu, akayatazama mawingu, akataja elfu ishirini, au ishirini na tano, sikumbuki vizuri, ila najua siku za kawaida ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Kisha akafungua madigadi ya gurudumu la mbele na kuifunga nyuma kwa mpira. Nikasema moyoni, haya, nimepata na pikipiki mbovu. Kumbe ndiye fundi aliyekuwa ananiokoa: tope la mfinyanzi likijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka. Ukimkuta bodaboda wa masika ambaye hajaivua madigadi yake, mwache apite, huyo ni mgeni kama wewe.

Tulianguka mara tatu. Mara ya kwanza tulianguka taratibu, kama watu waliokubaliana. Tulijikung'uta tukacheka. Mara ya pili upindo wa kanzu ulinaswa na mnyororo, pikipiki ikanivuta chini nikiwa bado nimekaa juu yake, sijui nieleze vipi. Tulihangaika nusu saa. Mwisho akapita mzee mmoja anatoka shambani, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, kila kitu kwa utulivu, ndipo akachomoa panga na kuikata kanzu usawa wa magoti. "Sasa unaweza kutembea," akasema, akaendelea na safari yake. Mara ya tatu ndiyo iliyokwenda na sukari. Kiroba kiliruka, kikatua kwenye dimbwi, na kwa sekunde kadhaa mimi na yule kijana tulikitazama tu kikinywa maji.

Giza likatukuta njiani na mvua ikashuka. Tukalala kwenye baraza la duka la kijiji fulani, juu ya magunia. Mwenye duka hakuuliza jina langu. Aliuliza, "Wewe ni mkwe wa nani?" Nikamtajia. Akachukua simu. Kwa hiyo asubuhi nilipoingia Utete, habari ya kanzu ilikuwa imeshafika, imeshakunywa chai na kupumzika.

Mama mkwe alinipokea mlangoni kwa adabu zote, khanga ameivuta mpaka usoni kama inavyotakiwa mbele ya mkwe. Nikaamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Pole na safari." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika chini ya khanga. Nikamkabidhi kiroba kwa mikono miwili. Kilikuwa kinadondoka. Akakinyanyua kidogo, akakitazama, akasema taratibu: "Ahsante, baba. Umetuletea asali?"

Mke wangu alikimbilia uani. Mpaka leo sijamsamehe. Siku tatu walichota ile shira kwa kijiko na kutia kwenye chai.

Lakini jioni ile, nimeoga, nimevaa shuka la shemeji, nikapelekwa mahali ambapo unauona mto. Nilikuwa nimekariri kuwa mto ni kitu chembamba kinachopita. Ule ulikuwa bonde zima. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mitumbwi ikipita juu ya mahali ambapo, shemeji alinionyesha kwa kidole, kulikuwa na shamba lao. Nikasema pole. Akashangaa pole ya nini. "Shem, maji yakienda kule ndiyo yanaacha rutuba. Na samaki wanabaki kwenye mabwawa. Mwaka ambao mto haupandi, hapo ndipo utupe pole." Usiku ule tulikula kambale wa nazi. Sasa niambie, huyo anayekuambia masika usithubutu ameona nini?

Mwaka uliofuata nikasema masika nitakwenda tena, ila kwa akili. Na hii ndiyo akili ambayo naiona ni yangu mwenyewe, atakayebisha abishe.

Usimuulize konda hali ya njia. Konda anauza siti. Usimuulize ndugu wa ukweni pia, maana anayekusubiri kwa hamu atakwambia njia nzuri, na asiyetaka uje atakwambia mbaya. Muulize muuza samaki. Pale sokoni Ikwiriri, kabla hujavuka daraja, kulikuwa na mama mmoja anayeuza kambale na perege. Safari moja nilipokuwa narudi nilikaa kwake nikisubiri gari, nikaona kitu. Siku njia ya Utete inapitika, pikipiki zinafika alfajiri na matenga ya samaki wabichi, matumbo bado yanang'aa. Njia ikikata, samaki wa upande ule wanabanikwa huko huko, halafu wanakuja siku yoyote watakayoweza, weusi na wakavu. Nikachukua namba yake. Tangu hapo, kabla sijakanyaga Rangi Tatu, saa kumi na mbili asubuhi napiga: "Mama, shikamoo. Leo wabichi au wakavu?" Wabichi, naondoka. Wakavu, narudi kulala.

Iliniangusha mara moja tu. Alisema wabichi, nikaenda, nikakwama. Kumbe wale samaki walivuliwa upande wa kaskazini wa mto, hawakuiona Nyamwage hata kwa mbali. Nikaongeza swali la pili: "Wametoka upande gani?" Baada ya hapo sijakosea. Ilifika mahali madereva wawili wa pale Mbagala wakawa wananipigia mimi. Mimi, mzaliwa wa Temeke, naulizwa njia ya Rufiji! Na ukimsumbua mama wa watu kila asubuhi, basi siku ukipita nunua hata fungu moja.

Kipupwe ndiyo safari ya tumbo. Mwaka niliowahi vizuri nilikuta mpunga wa mwanzo haujakauka, nikakuta pepeta. Mama mkwe alikaa uani na chungu. Mpunga mbichi unakaangwa unageuzwa geuzwa mpaka unaanza kurukaruka, unamwagwa kinuni ukiwa wa moto, na wanawake wawili wanatwanga kwa kupokezana kabla haujapoa, ukipoa umeharibika. Punje zinatoka bapa, za kijani iliyofifia, zinanukia majani na moshi kwa pamoja. Unapepeta, unachanganya na nazi na sukari. (Sukari ilikuwa kavu. Nilikuwa nimeihamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, tangu 2018 sijabeba sukari kwa chombo kingine.) Nikajitia kidume, nikaomba mchi. Nilitwanga labda mara kumi, nusu ya pepeta ikiwa nje ya kinu. Kuku wakafurahi sana.

Ndiyo miezi ya mlau pia. Maji yanaposhuka, watu wanafuata nyuma yake na mahindi, wanapanda kwenye udongo uliobaki na unyevu, bila kungoja mvua. Nilikuwa nadhani hadithi, mahindi bila mvua. Nimeyaona, nimeyachoma, nimeyala.

Kiangazi, haya, nakubali njia ilikuwa nyepesi. Vumbi tu, nilibeba kitambaa cha pua. Lakini usikae mjini ukapiga picha za mto halafu ukarudi. Omba upelekwe kulala kwenye dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo katikati ya shamba, unapanda kwa ngazi, na chini unawasha moto wa moshi kwa ajili ya mbu. Mama mkwe alinisimulia kuwa mwaka 1969, katika Operesheni Rufiji, walitolewa bondeni na kupelekwa vijiji vya juu, yeye akiwa msichana. "Tulihama sisi," alisema, "shamba halikuhama." Ndiyo maana mpaka leo mtu ana nyumba juu na dungu chini.

Usiku wangu wa kwanza dunguni niliamka nikasikia shemeji anakoroma vibaya mno, koromo la kishindo na kutafuna ndani yake. Nikanyoosha mkono nimguse ageuke. Nikamkuta amekaa kitako, macho wazi. Akanong'ona, "Usikohoe." Alikuwa kiboko, hatua chache tu kutoka kwenye nguzo, anakula mahindi ya mlau kwa sauti ya mtu anayetafuna miwa. Shemeji alipiga debe, wenzake wa madungu ya jirani wakaitikia kwa madebe yao, bonde zima likawa ngoma. Kiboko aliondoka bila haraka, kama mteja aliyeambiwa duka linafungwa. Mimi nilikuwa nimeushika mguu wa shemeji na sikuuachia mpaka kumepambazuka. Na mtoni usishuke kuoga popote unapojisikia. Mamba wapo, uliza wenyeji wanateka maji wapi.

Vuli ni maembe. Sina haja ya kueleza. Nenda na gunia tupu, na jirani zako wote wakujue mapema kwamba yatagawiwa, usije ukayala peke yako ukaumwa.

Kalenda hii yote, hata hivyo, mama mkwe ananiambia haishiki kama zamani. Bwawa la Julius Nyerere kule juu lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mradi wa megawati 2,115, na yeye ana msemo wake: "Mto siku hizi umeajiriwa. Una saa za kazi." Halafu Aprili 2024 yakaja mafuriko ya Rufiji na Kibiti, watu wakapoteza nyumba na mashamba. Masika ile sikwenda kutalii wala sikumpigia mama wa samaki kumuuliza njia. Nilimpigia kumuuliza yeye yuko salama. Alikuwa salama.

Safari yangu ya mwisho nilifika mkavu. Suruali safi, viatu vinang'aa, hakuna hata tone la tope mwilini. Kanzu ilikuwa kwenye begi, mjomba atanisamehe. Baada ya mjukuu wa pili, mama mkwe haivuti khanga mpaka usoni tena, anaishia kidevuni, na utani umeruhusiwa kidogo. "Leo ni sukari au asali?" akauliza. Nikaitua ndoo mbele yake kwa majivuno, nikabandua mfuniko kama mganga anayefunua kibuyu.

Mfuniko ulikuwa na ufa. Sukari ilikuwa nyeupe, kavu, na inatembea. Sisimizi kutoka Temeke, wamesafiri bila nauli.

Akainama akatazama, akanitazama na mimi. "Karibu, mkwe wangu. Naona safari hii umetuletea na kitoweo."