Karani aliyejua kuuliza

Nimemaliza misimu yote minne ya Masters of Sex, tamthilia ya Marekani kuhusu watu wawili wa kweli waliotafiti tendo la ndoa, Dk. William Masters na msaidizi wake Virginia Johnson, na anayenikaa kichwani ni Virginia, si daktari wake. Tamthilia ilianza kurushwa Marekani Septemba 2013, miezi miwili tu baada ya Virginia wa kweli kufariki. Masters alishatangulia 2001.

Mimi ni nesi wa kliniki ya uzazi wa mpango, kwa hiyo nilikuwa nafuatilia maswali yanavyoulizwa. Mwanzoni kabisa Masters, bingwa wa magonjwa ya wanawake pale St. Louis miaka ya 50, anachungulia danguroni kupitia tundu, anaandika. Baadaye anamhoji Betty, kahaba wa pale, ambaye anamwambia bila kupepesa kwamba ile raha aliiigiza tu. Daktari anaduwaa: mwanamke adanganye jambo kama hilo kwa nini? Nilicheka peke yangu. Mtu anazalisha wanawake kila siku, na hilo hajui! Betty anamshauri atafute mwanamke wa kufanya naye kazi.

Ndipo anaingia Virginia: hana shahada, ameachika, ana watoto wawili, kaajiriwa ukarani. Lizzy Caplan anamwigiza vizuri mno. Mtazame anavyokaa na mtu aliyejitolea kwa utafiti. Anauliza mambo ya chumbani kwa sauti ileile ya kuuliza tarehe ya kuzaliwa, hainamishi macho, anaandika. Kliniki kwetu mama huanza na kuumwa mgongo. Ukimharakisha, anaondoka na lile lililomleta.

Uchungu zaidi ni Margaret, mke wa bosi wa chuo. Anakuja kujitolea, anaulizwa, na humo humo kwenye maswali anagundua kwamba miaka yote ya ndoa hajawahi kufika kileleni. Utafiti haumhitaji. Allison Janney alipata tuzo ya Emmy 2014 kwa nafasi hiyo, na haki yake.

Utafiti wenyewe ulipima wanawake 382 na wanaume 312, mapigo ya moyo, pumzi, kila kitu, na kitabu cha 1966 kikatoka na majina yote mawili, la daktari na la karani.

Msimu wa tatu unalegea. Wameongeza vituko vya watoto, halafu wanaweka maandishi kwamba watoto hao ni wa kubuni. Sasa mliwabuni wa nini? Nilivumilia kwa ajili ya Virginia. Na Betty.