Gita liko wapi?

Jumapili mjomba alinizimia spika wimbo wa Bongo Fleva ukiwa katikati. "Mwanangu, hizi kelele za dakika mbili ndiyo muziki?" Kwake muziki ulikwisha 1979, alipofariki mwanamuziki na mpiga gita Mbaraka Mwinshehe. Namwelewa. Kaseti zake bado zipo kabatini, na ukiziweka unasikia gita la solo likizungumza weee, mwimbaji kanyamaza tu. Hilo Bongo Fleva ya sasa haina, na inaniuma. Midundo ya amapiano kutoka Afrika Kusini imefanya nyimbo nyingi zifanane.

Ila kwenye mashairi mjomba anakosea. Mimi siasa za nchi hii nilizisikia kwanza kwa rapa Professor Jay, ndani ya daladala. Nikamwekea. Akasikiliza hadi mwisho, kidole kikigonga meza.

"Huyu ana maneno," akasema. "Gita liko wapi?"