Kiendelezi cha VS Code (kihariri cha msimbo) kinagoma baada ya kufungashwa: nilivyotatua

Kwenye majaribio kilifanya kazi vizuri, ila kikisakinishwa kutoka faili la .vsix (kifurushi cha kiendelezi) kilitoa "Cannot find module". Chanzo: .vscodeignore (orodha ya faili zisizofungashwa) ilikuwa na mstari node_modules/ (folda ya maktaba) ilhali msimbo haukuunganishwa na maktaba hizo kuwa faili moja, kwa hiyo maktaba zote zilibaki nje.

Niliunganisha kila kitu kwa esbuild (zana ya kuunganisha msimbo) kuwa dist/extension.js, nikaelekeza huko "main" ya package.json, yaani faili la kuanzia. Kwenye amri ya esbuild weka --external:vscode, kwani moduli hiyo hutolewa na kihariri chenyewe. Sasa node_modules/, src/ na **/*.map zinaachwa nje bila madhara.

Kabla ya vsce package (amri ya kufungasha), endesha vsce ls usome orodha yote ya faili zitakazoingia. Ukiona .env (faili la siri kama nywila) humo, iongeze kwenye .vscodeignore papo hapo: .vsix ni zipu tu, yeyote huifungua.